Jirani Yangu Anauliza

Kiponda, Mji Mkongwe
4 Oktoba 2024

Kwako mwanangu Ulfat,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, nyumba nzima, na paka Bushuti mzima, tena amenenepa kwa sababu hapana mtu wa kumfukuza jikoni tangu ulipoondoka. Baba yako kapiga simu kutoka Pemba, anasema kazi ya bandarini itamweka huko mpaka karibu na Idd. Bomba la ghorofani limetengenezwa, sasa linavuja upande wa pili. Asmini ya uani imechanua mpaka watu wasiojuana nami wanabisha hodi kuomba.

Najua hapo ulipo umeushika mwandiko wangu unajiuliza, huyu Shangazi si aliapa? Nliapa, ndiyo. Siku ya harusi ya Shahida, ulipovua mtandio ukumbini nikaziona nywele zako zimelala chali kama kanzu iliyotoka kwa dobi, nlisema mbele ya wanawake wote kwamba wallahi sisemi nawe tena mpaka niuone mkunjo wa Bi Mize kichwani mwako. Maneno yashatoka, na mimi si mtu wa kula kiapo asubuhi nikakitapika jioni. Lakini nimekaa mwezi mzima nikifikiri, nikaona kwamba nlichoapia ni kusema. Kalamu sikuitaja.

Sasa nisikilize. Nywele zile nimezisuka mimi kila Alhamisi baada ya alasiri, tangu mama yako alipofariki nawe una miaka mitatu. Mkunjo ule ulikuwa wa mama yangu, Bi Mize, unaanzia juu ya sikio la kulia na kushuka taratibu mpaka shingoni. Alipokufa, ukabaki kwako peke yako. Mimi sikuurithi. Mimi nlipewa nywele za upande wa baba, kavu kama makumbi ya nazi, chanuo likiingia halitoki. Basi ukienda kwenye saluni ukaufuta mkunjo ule kwa dawa na pasi ya moto, unaufutia wengine pia. Hilo ndilo lililoniuma.

Barua hii nampa Jaku, yule anayeleta magunia ya mwani mjini Jumanne na Ijumaa. Simu usipige. Nikipokea itanibidi ninyamaze, na salio lako litakwisha bure.

Shangazi yako,
Radhiya


Paje
15 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwa kuwa jawabu lake hulitoi kwa mdomo, naomba uniandikie marahaba ndani ya barua ijayo, maana nimeikosa mwezi mzima na nimeanza kujiona mtoto asiye na kwao.

Barua yako imenifika inanuka mwani mpaka mwenye nyumba wangu akauliza kama nimenunua samaki. Nimecheka, nimelia kidogo, nimecheka tena. Huku hatujambo. Upepo umepungua, wageni wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara juu ya bahari, nao wamepungua, lakini saluni haipungui. Bi Shaheen, tajiri wangu mwenye saluni, kaipaka rangi ya pichi na kanipa kiti cha dirishani. Sasa kazi zote za keratini nnafanya mimi. Nakueleza ili usidhani ni uchawi: nywele huoshwa, hupakwa dawa, hukaushwa, kisha hupitishwa pasi kidogo kidogo mpaka zinyooke na kung'aa. Baada ya hapo hazitiwi maji siku tatu.

Za kwangu usizihofie, zimenawiri. Bi Shaheen ananitia dawa bure kila mwezi, kwa sababu mteja akiingia, kichwa cha kwanza kukiona ni changu. Na lazima iwe kila mwezi, maana hapa hata maji ya kisima yana chumvi na chumvi inaila dawa. Najua utauliza, siku tatu bila maji, na udhu je? Hilo nimelipangia hesabu. Nnafanya siku zangu zikianza tu. Sala hainipasi, udhu sina, na josho la tohara liko mbele. Ikifika siku ya josho, dawa imeshashika. Ona nilivyo na akili.

Sasa habari kubwa, nimeiweka mwisho ili usiache kusoma. Wakil ameleta posa. Yule kijana wa maabara ya chuo Tunguu, aliyekuja kwenye hitima ya babu akala sambusa tisa. Baba amekubali kwa simu. Harusi inshaallah Ijumaa ya tatu baada ya Idd. Shangazi, somo yangu ni wewe. Nlipovunja ungo wewe ndiye uliyenifundisha kila kitu, na siku saba za fungate sitaki mtu mwengine mlangoni kwangu. Niambie utakuja.

Mwanao,
Ulfat


Kiponda
5 Novemba 2024

Mwanangu Ulfat,

Marahaba. Marahaba. Marahaba. Hizo ni tatu, ya deni, ya leo na ya akiba.

Umechelewa kupata jawabu kwa sababu gari ya Jaku iliharibika giaboksi, ikalala Tunguu wiki mbili na mwani wa watu ndani yake. Huku salama. Kisima cha msikiti kimesafishwa, mtoto wa Bi Parin wa ghorofa ya pili amefaulu udaktari wa meno, na mama yake ametugawia vitamu vya ladu nyumba kwa nyumba. Bushuti kala la kwako.

Habari ya Wakil imenifurahisha, nakwambia kweli. Nliposoma nlisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikampigia kigelegele paka kwa kuwa hapakuwa na mtu. Kijana anayekula sambusa tisa mbele ya watu bila haya ni kijana asiyeficha kitu. Lakini hili la usomo, Ulfat, umeliwaza? Kazi ya somo ni kusema. Somo hukaa na bi harusi, humwambia fanya hivi, usifanye vile, humwambia na yale ambayo mama hawezi kuyatamka. Mimi nikija nimefunga mdomo, nikuonyeshe kwa vidole? Utaolewa na somo bubu, watu watacheka mpaka Makunduchi. Mkunjo urudi kwanza. Harusi iko mbali, muda upo.

Na hesabu yako ya kila mwezi nimeisoma mara tatu. Hesabu ya siku hizo nlikufundisha mimi, na nlikufundisha kwa ajili ya sala. Sikujua nakufundisha ratiba ya saluni.

Jambo moja dogo. Nina jirani yangu hapa, mtu mzima, ananisumbua kila siku na haya mambo ya keratini kwa sababu amesikia nina mtoto wa saluni. Jirani yangu anauliza: mtu wa miaka hamsini na nane, aliyepaka hina kichwani miaka yote, dawa ile inamshika? Inauma? Na nywele ngumu kabisa, ngumu za kukataa chanuo, zinalala kweli au mnawadanganya watu? Mjibu ili aniache nipumzike.

Shangazi yako,
Radhiya


Paje
24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba zako tatu nimeziweka chini ya mto.

Huku mvua imenyesha siku nne na saluni imejaa, maana mvua ikinyesha nywele za watu husimama na wao huja mbio. Mama yake Wakil alikuja na trei ya halua na mkufu mwembamba, akanitazama sana kichwani. Nlikuwa na mtandio. Nimeanza kupenda kuvaa mtandio hata ndani, naona unanipendeza.

Hilo la usomo nimeliacha kwanza, maana ukiandika harusi iko mbali najua moyo wako umeshavaa viatu.

Mwambie jirani yako hivi. Hina haizuii, ila nywele zilizopakwa hina miaka mingi huwa kavu, dawa ipakwe kidogo na pasi isiwe kali mno. Haiumi. Nywele ngumu zinalala, tena hizo ndizo zinazompa mtu furaha, kwa sababu tofauti anaiona siku ile ile. Nimewaona wanawake wazima wakijitia vidole kichwani na kuvitoa upande wa pili, wakarudia, wakarudia, kama mtoto aliyepewa mchezo. Aende saluni nzuri. Au mlete kwangu, ntamfanyia bei ya jirani wa Shangazi.

Mwanao,
Ulfat


Kiponda
10 Desemba 2024

Mwanangu Ulfat,

Assalaam alaykum. Kwangu hapana jipya, ila bomba sasa linavuja pande zote mbili, na baba yako ameniletea pweza mkavu kwa meli, kilo tatu, kwa mtu anayekaa peke yake na paka.

Yule jirani yangu hakusubiri. Alikwenda Alhamisi, tarehe ishirini na nane Novemba, saluni moja upande wa Darajani. Paje aliona ni mbali, na pia hakutaka kujulikana. Ananihadithia mimi nakuhadithia wewe. Anasema walimweka chumba cha ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, wakaanza kumpitisha ile pasi. Moshi ukatoka. Macho yakamchuruzika machozi, koo likawasha, na mwanamke wa kiti cha pili naye analia, msichana anayefanya kazi naye analia, wote watatu wanalia kama msibani na kila mmoja anamwambia mwenzake ndivyo inavyokuwa. Akavumilia. Kisha wakamgeuza kwenye kioo. Ulfat, anasema alicheka peke yake. Chanuo lilipita kutoka juu mpaka chini halikukwama hata mara moja. Hajawahi kuliona jambo hilo kichwani mwake tangu azaliwe, na mama yake alikuwa akimchana kwa kumbana baina ya magoti.

Ndipo wakati wa kulipa wakamwambia, bibi, siku tatu usitie maji. Sasa, yeye si kama wewe. Siku za kuacha sala aliziaga zamani. Sala tano ni sala tano. Akamuuliza mwalimu wa darsa, kwa kuzungukazunguka, kuhusu kupaka maji kichwani wakati wa udhu, akajibiwa kwamba si lazima kichwa kizima, hata nywele chache zinatosha. Akafurahi sana. Siku tatu, sala kumi na tano, maji kidogo tu, mbele tu, pale pale. Siku ya nne mbele pamerudi makumbi, pamesimama wima upana wa kiganja, na nyuma kote hariri. Akijitazama kwa mbele ni yeye wa zamani. Akigeuka ni mtu mwengine. Anavaa mtandio mpaka jikoni.

Jirani yangu anauliza: arudi lini wakamtengeneze pale mbele? Kule saluni wamemwambia hata wiki ijayo, kichwa kizima upya. Wewe unasemaje? Mjibu kweli, si maneno ya biashara.

Shangazi yako,
Radhiya


Paje
27 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ijumaa ile nlipotoka kwako nlirudi Paje salama, na Jaku alinipa kiti cha mbele.

Kwanza nikushukuru kwa chai. Nlikuja makusudi nione kama utashindwa kujizuia, na nakiri umenishinda. Saa mbili nzima tumekaa mimi na wewe chumba kimoja na maneno yote uliyasema na paka. Bushuti, mwambie mgeni sukari ipo kabatini. Bushuti, muulize mgeni kwa nini amekonda. Na mimi nikawa namjibu Bushuti, na yeye anatutazama kama watu tuliopungukiwa. Nlipokuwa nashuka ngazi nlicheka mpaka Bi Parin akafungua mlango.

Lakini kuna jambo nimelifikiria njia nzima. Joto lile la Desemba, wanawake wawili ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na kila mmoja wetu amejifunga mtandio mpaka nyusini. Jasho likitutoka. Wewe hukuvua na mimi sikuvua. Sababu yangu mimi nnaijua.

Nianze na jirani. Mwambie asirudi wiki ijayo, hata wakimfanyia bure. Dawa ile ikishapakwa, kichwa kipumzike miezi mitatu kwa uchache, na akiweza kusubiri minne au mitano ni bora zaidi. Kwa mwaka isizidi mara tatu. Pale mbele apasubirishe, apake mafuta ya nazi na apafunge. Na siku akirudi, asikubali chumba kilichofungwa. Madirisha wazi, feni inavuma, na macho yakianza kuwasha atoke nje, maana kule kulia wote watatu sio ndivyo inavyokuwa. Kama ana kidonda kichwani asifanye. Kama nywele zimeanza kukatika asifanye kabisa. Ipo pia aina ya kuoshwa siku ile ile, aulizie hiyo, ataswali kwa raha.

Nlipofika hapo kalamu ilisimama. Nlijiona muongo mkubwa. Nnamwambia mtu nisiyemjua miezi mitatu, na mimi tangu Juni mpaka Desemba nimefanya mara saba.

Shangazi, nywele zangu zinakatika. Zilianza Septemba, nikasema ni chanuo baya. Nikabadilisha chanuo. Sasa nikijichana nnaokota konzi nzima sakafuni, na nyuma ya shingo pana mahali palipobaki kama mswaki uliochakaa. Juu ya sikio la kulia zimekatikia katikati. Mkunjo wa Bi Mize sikuufuta tu, nimeuvunja. Nlikuja Ijumaa ile nikwambie kwa mdomo wangu, nikashindwa, nikabaki kumwambia paka kwamba nimekonda kwa sababu ya kazi.

Hesabu yangu ya akili nyingi ndiyo iliyoniponza. Kwa sababu nafasi ya siku tatu nlikuwa nnaipata kila mwezi, nikaona na dawa iwe kila mwezi. Sikuwahi kujiuliza kama nywele nazo zinakwenda kwa mwezi.

Aliyeniamsha ni Wakil. Alipita kunipa barua ya mama yake, akasimama mlangoni pa saluni, hakuingia. Akauliza, "Mnahifadhi samaki humu ndani?" Nikamwambia kuna nywele tu. Akasema harufu ile anaijua, ni ya dawa wanayotilia samaki kwenye chupa kule maabara, na wao wakiifungua lazima wavae barakoa na wafungue madirisha. Akaniuliza nnaivuta kwa siku saa ngapi. Nlikwenda kwenye chupa nikasoma yale maandishi madogo kwa mara ya kwanza, na miezi mitatu mpaka mitano imeandikwa pale pale, muda wote huo nlikuwa nnaishika mkononi. Nikamsomea Bi Shaheen. Alinuna siku moja. Siku ya pili akaja na fundi wa kutoboa dirisha la pili.

Sasa mimi sijui nifanye nini na kichwa changu, na harusi inakuja, na somo yangu anasema na paka.

Swali la mwisho. Huyo jirani yako anaitwa nani?

Mwanao,
Ulfat


Paje
25 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wiki nne sijapata barua. Jaku anaapa kwamba alikupa mkononi, na kwamba ulisoma pale pale mlangoni, ukaingia ndani bila kumuaga. Kama umekasirika, kasirika kwenye karatasi nipate kuisoma.

Nimezikata. Nliona siwezi kusubiri unijibu. Nlikaa kwenye kiti cha dirishani, kile changu, na Bi Shaheen akazikata mwenyewe mpaka zikabaki vidole vitatu. Alilia yeye kuliko mimi. Kichwa kimekuwa chepesi mpaka siku mbili nlikuwa nnatembea kama niliyesahau kitu nyumbani. Nikampigia Wakil nimwambie kabla mama yake hajasikia, maana sikutaka kuolewa na kichwa cha siri. Nlipomaliza nikadhani yamekwisha. Kisha akasema, "Afadhali. Mimi nlikuwa nahofia kifua chako, si nywele." Nikakata simu, nikakaa chini ya kaunta, nikalia mpaka mteja akaniuliza kama ni moshi.

Na leo asubuhi, Shangazi, nlikuwa nnajifuta uso. Juu ya sikio la kulia, zile zinazoota upya zimejikunja. Kidogo, kama ukucha. Lakini zimejikunja kuelekea kule kule. Nimekata ncha tu nimezitia katika bahasha hii uzione kwa macho yako. Mkunjo wa Bi Mize umerudi. Kiapo chako kimetimia au bado?

Wateja wangu siku hizi nawauliza kwanza, mara ya mwisho ulifanya lini? Nusu yao nawarudisha nyumbani na mafuta ya nazi. Bi Shaheen anasema nimekuwa imamu. Lakini wanarudi na wenzao, kwa sababu wanasema hapa hapana kulia.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Mwanao,
Ulfat


Kiponda
22 Machi 2025, Ramadhani

Mwanangu Ulfat, roho yangu,

Assalaam alaykum, na saumu njema. Ntakupa habari za nyumba haraka kwa sababu nina mengi. Bomba limepona. Baba yako anarudi mwisho wa wiki. Bushuti kazaa, kumbe miaka yote hii nlikuwa nikimwita jina la dume. Watoto wanne.

Sikukasirika. Nliona haya, na mimi kuona haya sikuzoea, nlikuwa sijui haya hiyo niiweke wapi. Barua yako ya Desemba nimeisoma mpaka imechanika mkunjoni. Mtoto nliyemlea anakatikiwa na nywele miezi minne, na hawezi kuniambia kwa sababu nimejitia kufuli mdomoni mimi mwenyewe. Nlikuwa na hasira na nywele zako, na kumbe juu ya nywele hizo hizo ndipo ulipokuwa ukihitaji mtu wa kusema naye. Kila nikishika kalamu nikujibu lile swali lako la mwisho, naiweka chini.

Kisha ikaja bahasha. Ulfat, nani alikufundisha kutia nywele zako katika bahasha ukazipakia juu ya magunia ya mwani, zipite mikononi mwa watu mpaka mjini? Nilikulea hivyo? Nimezichukua nimezizika uani chini ya asmini, kama inavyotakiwa. Lakini kabla sijazizika nlizitandaza kiganjani nikazipeleka dirishani kwenye mwanga. Nimemuona mama yangu.

Nikaenda kwa mwalimu wa darsa, safari hii bila kuzunguka. Nikamwambia nliapa kwa hasira kwamba sisemi na mtoto wangu mpaka nione mkunjo kichwani mwake, na sasa nimeuona kiganjani, je, nimefunguka? Akanitazama sana. Akaniuliza, "Bi Radhiya, kwa nini usitoe kafara ya kiapo ukalisha masikini kumi, ukasema na mtoto wako toka siku ya kwanza?" Kumi tu, Ulfat. Miezi sita nimesema na paka kwa kuona uzito wa kupika sufuria moja. Nlijua hukumu hiyo tangu chuo cha Kurani, nlijifanya sijui, kwa sababu nlitaka nishinde.

Juzi nimefuturisha. Watu kumi, wakawa kumi na wanne kwa sababu harufu ilitoka mpaka njiani. Muhogo wa nazi, mbaazi, mikate ya kumimina, na ule pweza wa baba yako kilo tatu umekwisha wote. Walipokula tende ya kwanza nlihisi kitu kimefunguka hapa kooni. Nikataka kukupigia pale pale. Nikajizuia. Neno la kwanza baada ya miezi yote hii sitaki lipite kwenye simu inayokatika.

Kwa harusi usijitie wasiwasi. Vidole vitatu mpaka siku hiyo vitakuwa vitano. Kikuba cha asmini hakitashika nywele fupi, basi ntakufungia shada zima la kuzunguka kichwa, na upande wa kulia ntaliinua kidogo ili mkunjo uonekane. Nimeshaliota. Mama yake Wakil akitazama sana, atazame. Na fungate ntakaa mlangoni kwako siku saba, na nina maneno ya miezi sita, utaomba mwenyewe ninyamaze.

Sasa lile swali lako. Jirani yangu anaitwa Radhiya. Anakaa Kiponda, nyumba yenye asmini, na ana miaka hamsini na nane. Kwanza alikwenda ili akijue anachokikataza. Hivyo ndivyo alivyojiambia njiani. Lakini alipokaa mbele ya kioo akaliona chanuo linapita, alisahau kwamba alikuja kukataza. Ilikuwa furaha, mwanangu, siwezi kukudanganya. Siku ile chumba kimoja na wewe, alijifunga mtandio mpaka nyusini kwa sababu nyuma alikuwa hariri na mbele makumbi, na angevua, miezi yote ya kukugombeza ingekwenda na maji.

Nakuja Idd pili kwa gari ya Jaku, na mdomo wangu nauleta. Jirani yangu amehesabu vidoleni: tangu tarehe ishirini na nane Novemba, ikifika Idd pili itakuwa miezi minne. Hakupunja hata siku moja. Nywele zake hazikatiki, kichwa hakina kidonda, na anataka ile ya kuoshwa siku ile ile. Anauliza kama utamfanyia wewe, kabla ya harusi yako.

Fungua madirisha yote.

Shangazi yako na somo yako,
Radhiya